Sekunde Moja ya Kukhu

Gilbert Shikuku alikuwa na tatizo alilojitengenezea mwenyewe kwa mikono miwili: akisema kweli, watu walicheka.

Pale kanisani kwao New Hope, kanisa la Wakenya wa Minnesota, kila mtu alikuwa na kisa chake juu ya Gilbert. Majira fulani ya baridi aliwaambia wageni waliofika karibuni kwamba Wazungu wanaovua kwenye barafu hawali wale samaki, huwagawa bure kwa yeyote anayekuja na sufuria, ila sharti sufuria iwe na kifuniko. Familia tatu zikatembea juu ya ziwa na sufuria zao, heshima tupu, zikibisha hodi kwenye vibanda vya wavuvi. Kibaya zaidi ni kwamba mvuvi mmoja aliwapa samaki kweli, na Gilbert mpaka leo anadai hakumdanganya mtu.

Kwa hiyo Jumapili ile aliposimama wakati wa matangazo akasema ana kamera ya mbao, kubwa kama mzinga wa nyuki, na kwamba anataka kuwapiga wote picha moja pamoja na kukhu yake, yaani bibi yake, kabla bibi huyo hajarudi Kenya, na kwamba itabidi wasimame kabisa bila kutikisika, kanisa zima liliangua kicheko. Mchungaji alipangusa macho kwa leso.

"Gilbert," akasema kwenye maikrofoni, "safari hii tuje na sufuria?"

Lakini kamera ilikuwa ya kweli. Gilbert anaendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha, na katikati ya safari moja na nyingine ana mazoea ya kuchungulia nyumba zinazouza vitu vya marehemu. Kule Apple Valley aliikuta imekaa kwenye gereji, katikati ya vyombo na magongo ya gofu, imekunjwa kama sanduku. Ukweli usemwe, aliinunua kwa nia mbaya. Alitaka kwenda nayo kwenye harusi ya mtu, ajifunike kile kitambaa cheusi, ahangaike nusu saa na lenzi, kisha atoe sungura.

Akaisimamisha barabarani mbele ya nyumba yake kujaribu. Akavuta tumbo lake linalokunjuka kama kodiani, akaingiza kichwa kwenye kitambaa, na pale kwenye kioo cha nyuma akaona mtaa wake wote umepinduka, miti ikining'inia, mwanamke akisukuma kigari cha mtoto juu angani kama nzi kwenye dari. Kila jani lilikuwa mahali pake. Alikaa humo mpaka jirani akaja kuuliza kama ameumwa. Sungura akasahauliwa.

Ilipita miaka miwili. Alijifunza kwa kuharibu. Kule kaskazini-mashariki mwa Minneapolis kuna chumba cha giza cha kukodi, na wazee wawili wenye ndevu walimwonyesha namna ya kuosha filamu. Na filamu yenyewe si ile ya mkanda iliyokuwa ikiuzwa madukani zamani. Hii ni karatasi moja moja, kubwa kama ukurasa wa daftari pana, unaipakia gizani kwa kupapasa kama mtu anayetafuta swichi ya taa, maana ikiguswa na mwanga imeharibika. Karatasi moja, picha moja. Ukikosea, umekosea.

"Na simu yako imekufa?" dada yake Velma alimuuliza siku aliyoiona mara ya kwanza.

"Iko hai."

"Basi wewe ndiye una shida."

Sasa, habari ya Kukhu. Kukhu ni bibi yao mzaa baba, na aliletwa Lakeville, nyumbani kwa Velma, kwa kazi ile ile inayowaleta kukhu wengi Minnesota: kubeba watoto. Velma ni nesi, mumewe ni nesi, na zamu zao hupishana mlangoni kama walinzi. Kukhu alifika mtoto wa kwanza, Shekinah, akiwa anaanza shule na wa pili akiwa tumboni. Sasa huyo wa pili anaongea Kiingereza na kujifunga viatu, na Kukhu amesema inatosha. Ndege ni Jumatatu. Harudi tena. Amesema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayefunga duka jioni.

Wiki chache kabla, Gilbert alikaa naye kwenye kochi wakipitia simu ya Velma, watafute picha nzuri ya kwenda nayo Kakamega. Picha zilikuwa maelfu. Kukhu alivaa miwani akainama.

"Huu ni mkono wangu," akasema kwenye ya kwanza, sikukuu ya kuzaliwa ya Shekinah.

Wakasonga. Theluji. Bustani ya wanyama. Krismasi.

"Hili ni goti langu."

Gilbert akacheka. Akateleza mbele, tena mbele. Hapa ncha ya leso. Hapa bega, limekatwa. Hapa mtoto anacheka kwenye mapaja ya mtu asiye na kichwa. Kila picha ilipopigwa, Kukhu ndiye aliyekuwa amemshika mtoto ili aonekane, au amepokea mtoto ili wengine waonekane. Mpaka wanafika mwaka juzi, Gilbert alikuwa haoni tena cha kuchekesha.

"Watauliza picha ya Amerika," Kukhu akasema, akivua miwani. "Nitawaonyesha goti?"

"Nikupige sasa hivi, Kukhu. Kaa hivyo hivyo."

"Hiyo ya simu inapita kama gari. Mimi nilipigwa picha mara moja tu, mwaka niliolewa, pale Kakamega mjini. Yule mtu aliingia kwenye kitambaa cheusi akanitazama, akanitazama, mpaka guka yako, bwana harusi mwenyewe, akakohoa." Akatabasamu kidogo. "Tangu siku hiyo hakuna mtu amenitazama hivyo. Hata guka yako mwenyewe, Mungu amlaze."

"Nitakupiga kama ile. Ninayo kamera ya kitambaa."

Kukhu akamgeukia. Kwao bibi na mjukuu ni watani, yeye humwita Gilbert mume wangu, na Velma humwita mke mwenza. "Mume wangu, si wewe uliyenitilia chumvi kwenye chai ukasema ni sukari ya Wazungu?"

"Ni mimi."

"Na hii ya kamera?"

"Hii ni kweli."

Alimtazama muda. "Basi nitavaa gauni la kijani," akasema.

Katika Minneapolis na Saint Paul zote, na vitongoji vyake, mtu mmoja tu alikuwa amemwamini Gilbert, na alikuwa anaondoka Jumatatu. Gilbert alitoka pale ameamua. Picha ile itapatikana, hata kama atawafunga watu kamba.

Jumamosi ya kumuaga Kukhu, alifika Lakeville asubuhi na kamera begani. Filamu zake alikuwa amezihifadhi kwenye friza kubwa ya Velma iliyoko gereji, kwa sababu filamu hukaa vizuri kwenye baridi, na friza ya chumba chake New Hope haitoshi hata kuku mzima. Akafunua. Akapangua mifuko ya matumbo. Akapangua samaki. Boksi halikuwa mahali pake.

Jikoni alikuwepo Senge Alice, dada wa baba yao, amevaa kofia ya kuogea kichwani ili nywele zisinuke mafuta, akigeuza chapati.

"Senge, umeona boksi jeusi, bapa, lilikuwa chini ya matumbo?"

"Lile? Nimelirudisha upande wa mkate. Nimekupangia vizuri."

"Kupanga vipi, Senge?"

"Nilikuwa natafuta mboga ya mrenda. Velma alisema mrenda uko kwenye friza, hakusema uko kwenye nini."

Na hapo hana kosa mtu. Katika nyumba ya Mkenya hakuna chombo cha friza ambacho kimewahi kusema kweli. Ndoo ya aiskrimu ina maharagwe. Kopo la siagi lina kunde. Boksi la kuku wa kukaanga lina omena. Mtoto wa Mkenya hujifunza kukata tamaa kwenye friza kabla hajajifunza kusoma.

"Lakini Senge, lilikuwa limeandikwa. Kwa wino mwekundu. Lifunguliwe gizani tu."

"Nilisoma," akasema Senge Alice, ambaye amekuwa nesi miaka mingi kuliko umri wa Gilbert. "Nikasema, huyu Gilbert ameficha nyama. Nani mwingine anaandika kitu kama hicho? Nikafungua, nikakuta boksi ndani ya boksi. Nikasema, enhe, leo nimemkamata. Kumbe ni makaratasi ya plastiki. Yalikuwa na umande, nikayafuta moja moja na taulo."

"Moja moja."

"Yote. Kwani yalikuwa ya nini?"

Gilbert alikwenda akakaa juu ya friza. Mzaha mzaha hutunga usaha, mama yao alikuwa akimwambia, na yeye alikuwa akijibu kwamba usaha hutibika. Alikaa kama dakika moja, akasikiliza mota ya friza ikinguruma chini yake. Kisha akafungua begi la kamera. Ndani kulikuwa na kasha moja bapa la kubebea filamu, alilokuwa amelipakia katikati ya wiki kwa ajili ya majaribio aliyokosa nafasi ya kuyafanya. Kasha hubeba karatasi mbili, moja mbele, moja nyuma. Mbili basi.

Kukhu akatokea mlangoni na gauni la kijani, kola imepigwa pasi, kichwani kitambaa cheupe. "Mume wangu, niko sawa?"

"Uko sawa kabisa," Gilbert akasema, akalifunga begi.

Watu walianza kuja saa nane, na kufikia saa tisa magari yalikuwa yame-park mpaka kwa majirani. Kulikuwa na maombi, kulikuwa na chakula, kulikuwa na hotuba za watu waliosema hawana mengi kisha wakayasema. Mshereheshaji alikuwa Timothy, kijana wa idara ya video kanisani, mwenye simu ya bei na droni iliyokuwa ikizunguka juu ya keki kama nyuki aliyekosa adabu.

Kisha zikaja picha. Kila anayejua sherehe za Wakenya anajua kipindi hiki, kirefu kuliko ibada. "Sasa tunaomba watu wa Lakeville. Asante. Sasa chama cha akina mama. Sasa waliosoma na Velma. Sasa wakwe." Kila kundi linakwenda mbele, linajipanga, simu kumi zinapiga, kundi linatawanyika kutazama simu. Kukhu alikuwa amekalishwa kwenye kiti katikati ya nyasi, na kila kundi lilipokuja, mtu alimpa mtoto amshike.

Gilbert alisimama pembeni na kipima mwanga mkononi. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa magharibi na mwanga ulikuwa ukishuka kama maji kwenye sinki. Saa kumi angehitaji kuiacha lenzi wazi robo ya sekunde. Saa kumi na moja ilikuwa nusu.

"Velma, nipe nafasi yangu sasa."

"Baada ya keki. Tulikubaliana. Dakika kumi baada ya keki."

"Mwanga unakwisha."

"Si uweke taa ya simu," Velma akasema, akapita na sahani.

Keki ikakatwa. Keki ikalishwa kwa mmoja mmoja, kwa kijiko, na picha. Ilipokwisha, kipima mwanga kilimwambia Gilbert sekunde moja nzima. Sekunde moja kwa watu arobaini na mbu wa Minnesota.

Akasimamisha stendi yake. Alipovuta kitambaa cheusi, minong'ono ikaanza, na watu, badala ya kuja mbele, wakarudi nyuma mpaka kwenye ua. Simu zote zikainuka kumrekodi.

"Inamwaga maji," mmoja akasema.

"Unga. Mimi na suti hii siendi."

"Ndugu zangu," Timothy akatangaza, "Gilbert anaomba watu wasimame mbele ya lile jeneza. Anayejitolea ainue mkono."

Hakuna mkono. Mbele ya lenzi alikuwepo Kukhu peke yake kwenye kiti chake, mtoto wa mtu mapajani, ametulia.

Gilbert angeweza kukasirika, na kidogo akasirike. Badala yake akamwita Shekinah, aliyekuwa akizunguka stendi. "Njoo uone kitu." Akamsimamisha kwenye kreti ya soda, akafungua lenzi, akamfunika kitambaa kichwani.

Kisha sauti kutoka ndani, kwa Kiingereza chake cha puani, ikauliza kwa nini Kukhu amening'inia.

"Anaonekana?"

Shekinah akasema anaonekana sana. Akasema anaona hadi vifungo. Akasema Kukhu amefinya jicho moja kwa sababu ya mbu. Na hakutoka. Ikabidi avutwe miguu, maana watoto wengine walikuwa wameshapanga foleni.

Baada ya watoto akaja Senge Alice, kwa kisingizio cha kuhakikisha watoto hawavunji kitu. Aliingia akisema maneno na maneno yakakatika katikati. Akatoka akirekebisha kofia. "Amekonda huyu mama," akasema polepole. "Mbona hamkuniambia amekonda?" Akaja mchungaji. Akaja Timothy mwenyewe, akiwa na maswali ya kitaalamu kuhusu lenzi, akainama, na maswali yake hayakusikika tena. Kila mmoja aliingia na mzaha akatoka bila mzaha. Maana humo ndani hakuna kingine cha kutazama. Ni giza, pumzi yako mwenyewe, na mwanamke mmoja mzee amewekwa juu chini kwenye kioo, anang'aa, hajui kama unamtazama wewe au mwingine.

Velma aliingia wa mwisho. Alikaa. Droni ilikuwa imetua na watu walikuwa wameanza kuangaliana. Alipotoka, kitambaa kilikuwa kimemharibia nywele na hakuzishika.

"Nani amempa Kukhu mtoto?" akauliza. "Mama wa huyu mtoto yuko wapi? Mchukueni. Wote, simameni nyuma ya kiti. Warefu nyuma kabisa. Simu mfukoni. Timothy, nimesema mfukoni."

Ni Velma aliyesema, kwa hiyo walikwenda. Wakajipanga safu tatu. Gilbert akachomeka kasha nyuma ya kamera, akashika kile kibao chembamba kinachoikinga filamu, akakivuta.

Na akakumbuka.

Ili watu waone kwenye kioo, lenzi lazima iwe wazi. Kabla ya kuvuta kibao, lazima uifunge. Ni jambo la kwanza ambalo wale wazee wenye ndevu walimfundisha, na la pili, na la tatu. Watu arobaini walikuwa wamepita kwenye kitambaa kile, naye kwa kuwatazama nyuso zao wakitoka, hakuifunga. Filamu ilikuwa imemwagiwa mwanga wote wa Lakeville. Imekwisha.

Hakuna aliyejua. Wote walikuwa wamekaza shingo wakimngoja. Na Gilbert alijua vizuri, kuliko mtu yeyote katika jimbo lile, namna ya kutengeneza kishindo kisicho na kitu. Angebonyeza waya wa kufyatulia, lenzi ingelia, angesema asanteni, watu wangepiga makofi. Kesho angesema chumba cha giza kimeharibu. Angechukua mojawapo ya picha za Timothy, aikuze, Kukhu apande ndege nayo. Nani angemshika?

Akatoka nyuma ya kamera. "Nimeiharibu," akasema. "Nilisahau kufunga lenzi. Hiyo imeungua."

Wakacheka, bila shaka. Safu nzima ya nyuma ilivunjika. "Nilijua," mwanaume mwenye suti akasema. "Si niliwaambia."

"Sichezi. Zilikuwa mbili. Imebaki moja. Hii ikiharibika hakuna nyingine, na Kukhu anaondoka Jumatatu. Naomba mrudi kwenye nafasi zenu."

Walizidi kucheka, maana sura yake ya kusema kweli ndiyo ile ile ya kudanganya, alikuwa ameitumia sana mpaka imechakaa. Kukhu hakucheka. Alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya magoti. Hakugeuza kichwa hata kidogo.

"Rudia, mume wangu," akasema. Kisha, bado anatazama mbele, kwa sauti ya mtu aliyewalaza watoto wengi: "Na nyinyi huko nyuma nyamazeni. Mnatazamwa."

Wakanyamaza.

Gilbert akageuza kasha. Akafunga lenzi. Akaigusa kuhakikisha imefungwa, akaigusa tena. Akavuta kibao. Akasimama kando ya kamera, waya mkononi, na akafanya jambo ambalo hakulipanga: hakutazama safu, hakutazama mwanga, alimtazama Kukhu machoni, na Kukhu akamtazama yeye.

"Sasa," akasema, na akabonyeza.

Sekunde moja ni ndefu sana. Mtu akakohoa ndani yake. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa mtu. Mbu akachagua shavu la mchungaji. Bata bukini wakapita juu ya paa wakibishana, na Shekinah akawafuata kwa kichwa chote.

Lenzi ikajifunga.

Kufikia jioni ile picha za Timothy, zaidi ya mia tatu, zilikuwa kwenye grupu la kanisa, na kufikia asubuhi zilikuwa zimesukumwa juu na tangazo la kiatu kilichopotea. Lakini watu waliuliza. Ya Gilbert iko wapi? Tuma basi. Hata ikiwa mbaya. Gilbert aliandika mara moja tu: "Bado. Wa kwanza kuiona ni Kukhu." Watu wakaweka vikatuni vya kucheka.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikuwa Minneapolis, kwenye chumba cha giza, akitikisa sinia la dawa polepole, akitumia saa ya ukutani kwa sababu aliogopa kugusa simu isije ikawaka. Filamu ilipotoka kwenye maji aliiinua juu, akaisoma kwa kugeuza, nyeupe kuwa nyeusi. Akakaa kwenye kiti. Akainuka, akailaza juu ya karatasi ya picha, uso kwa uso, ukubwa kwa ukubwa, akaipa mwanga, akaiosha, akaikausha. Alitengeneza tatu, mbili akazitupa. Ile ya tatu aliiweka katikati ya kadibodi mbili, akaifunga kwa uzi, aka-drive mpaka Lakeville chini ya kasi inayoruhusiwa, jambo ambalo gari lake halikulizoea.

Kukhu alikuwa mezani na Velma, masanduku yakiwa tayari kwenye korido. Gilbert akaweka kadibodi mbele yake akafungua uzi.

Kukhu akavaa miwani. Akaanza kwa kidole, kutoka ukingoni, kama anayesoma Biblia.

"Huyu nani amekuwa moshi?"

"Timothy."

"Na huyu ana vichwa viwili?"

"Ni Shekinah. Alitazama bata."

"Mchungaji amekwenda wapi?"

"Yupo, Kukhu. Alijipiga kofi kwa sababu ya mbu. Ule ukungu hapo ndio yeye."

Velma alikuwa ameweka mkono mdomoni. Maana ilikuwa hivyo kote. Safu tatu za watu waliosimama bila kutikisika, kwa kiapo chao, walikuwa wameyeyuka wote, huyu kidogo, huyu kabisa, kama watu walioonekana kupitia mvuke wa chai. Hawakuwahi kujua kiasi gani wanatikisika.

Kidole cha Kukhu kikafika katikati, kikasimama.

Pale hapakuwa na ukungu. Kila uzi wa kitambaa cha kichwa ulikuwepo. Vifungo vilikuwepo. Mikunjo ya shingo, ukucha uliovunjika wa kidole gumba, kovu la moto wa zamani karibu na kifundo cha mkono, na macho, yote mawili wazi, yakimtazama anayetazama. Mwanamke aliyekaa miaka mingi na watoto wachanga usingizini kifuani anajua kukaa bila kutikisika.

Velma akajisogeza akaegemea kiti chake. Nje mtu alikuwa akikata nyasi.

"Gauni limekuwa jeusi," Kukhu akasema mwishowe.

"Picha yenyewe haina rangi, Kukhu."

"Najua ni la kijani. Atakayeuliza nitamwambia." Akainamisha kichwa karibu zaidi, pua karibu iguse karatasi. "Nimezeeka vizuri," akasema.

Velma akachukua simu mezani ili aipige ile picha, aitume. Kukhu akalaza kiganja juu ya karatasi, taratibu.

"Mke mwenza, hapana. Wakitaka, waje."

"Kukhu, ndege ni kesho."

"Leo bado ni leo. Waambie waje."

Velma akamtazama Gilbert, na Gilbert akainua mikono kuonyesha kwamba haya si yake. Basi Velma akaandika kwenye grupu: picha imetoka, iko Lakeville, haitumwi, Kukhu amesema mje. Kwa nusu saa hakuna aliyejibu, kwa sababu jina la Gilbert lilikuwa ndani ya habari hiyo na watu si wajinga. Kisha Senge Alice akafika, akaiona, akaenda kwenye korido akawapigia watu simu, mmoja mmoja, kwa sauti yake ya wodini.

Wakaja. Walitoka New Hope, walitoka Apple Valley, wengine wakiwa bado na nguo za kanisa, wengine na sare za zamu. Viatu vikajaa mlangoni. Kila aliyeingia alinyoosha mkono apokee picha, kama mtu anavyopokea simu, na kila mmoja akaambiwa jambo moja. Picha haitoki mikononi mwa Kukhu. Anayetaka kuiona akae hapa, kwenye kochi, karibu naye.

Kwa hiyo walikaa. Gilbert alipewa kazi ya kuosha vikombe, na kutoka kwenye sinki aliwaona, mmoja akiinuka na mwingine akishuka. Walianza kwa kujitafuta wenyewe kwenye ukungu na kulalamika. Kisha waligeuza macho kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye uso uliokuwa kando yao, na kurudi, na kugeuza tena.

Timothy alifika na droni iko bado ndani ya gari. Aliketi, akauliza yeye mwenyewe yuko wapi, akaonyeshwa moshi wake.

"Kukhu, mimi hata sipo," akasema.

"Ulikuwa na haraka," Kukhu akamwambia. "Sasa kaa. Chai inakuja."

Gilbert akakausha kikombe, akamimina, akampelekea.